Mama Kulwa wa Chuo Hewa Nilikuwa Mimi

Nimekosa, na sitaki kupozwa. Kama umekuja kusoma ili mwisho useme "pole dada, shetani alikupitia", acha hapo hapo, nenda kasome habari za mpira. Shetani hakunipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimeshakunywa chai, nimekaa kwenye kiti, feni inanipepea.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, naishi Mwanza. Sina mtoto. Hilo nalisema mapema kwa sababu mbele litahitajika. Kwetu ni Sengerema, na tuliobaki ni wawili tu, mimi na dada yangu. Dada ni mjane, analima viazi na mihogo, ana binti mmoja anaitwa Nyamizi. Majina nimebadilisha, isipokuwa hilo la Mama Kulwa. Hilo sina sababu ya kulificha, maana halikuwa na mwenyewe.

Nilikaa muda mrefu bila kazi. Siku moja nikaona tangazo wanatafuta "mtu wa mitandao anayejua kuongea na watu wazima". Nikaenda. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, chini wanauza nyavu za kuvulia, ngazi nzima inanuka nailoni mpya. Aliyenipokea aliitwa Dokta.

Dokta wa nini? Hadi leo sijui! Yeye mwenyewe akiumwa mafua pale ofisini alikuwa anatuuliza sisi anywe dawa gani. Lakini suti anayo, miwani anayo, na Kiingereza chake kilikuwa cha kutisha watu wa benki.

Akaniambia, "Dada, sisi ni chuo kikuu."

Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Nikamwuliza, "Wanafunzi wako wapi?"

"Kwenye simu zao," akasema. Akacheka. Na mimi mjinga nikacheka.

Ndugu yangu, sikiliza jinsi chuo kinavyopikwa. Picha ya jengo tuliitoa mtandaoni, ghorofa la vioo tupu, majani yamekatwa vizuri. Liko nchi gani sijui. Kwenye kona ya picha palikuwa na gari, usukani uko kushoto. Mimi ndiye niliyeliona. Nikamwambia Dokta, akaikata ile kona, akapachika bendera yetu juu ya paa, akanisifu kwamba nina jicho. Nilifurahi kusifiwa, nyie! Maprofesa nao ni hivyo hivyo, sura za watu wa mbali na majina ya kubuni. Mmoja wao nilikuja kumwona kwenye tangazo la miwani.

Chini kabisa ya tovuti tuliandika kwamba chuo kimesajiliwa na kinatambuliwa, pakawekwa muhuri wa dhahabu. Ukibonyeza ule muhuri unapelekwa kwenye tovuti nyingine, ya Baraza fulani la Vyuo la huko ng'ambo, na kweli unakuta jina letu lipo limewekewa alama ya vema. Watu walikuwa wanaishia hapo, wanaridhika. Sasa hilo Baraza unajua lilikuwa wapi? Lilikuwa mezani kwangu! Simu ya Baraza ilikuwa ile nyeusi, ya chuo ile nyekundu. Mzazi akipiga kwenye nyeusi, tunapunguza redio, ninabana pua kidogo, "Baraza hapa, habari za asubuhi." Anauliza kama chuo kinatambuliwa, ninamwambia subiri niangalie. Ninahesabu kucha zangu, halafu ninamwambia, ndiyo mzazi, kinatambuliwa.

Wahitimu walikuwa vijana wa kuosha magari na wasichana wa saluni ya jirani. Tulikodi majoho kwa mpiga picha, tukawapa soda, wakarusha kofia juu. Kwenye ramani ya simu Dokta akaweka alama ya chuo upande wa Butimba, kwa sababu mtu wa huku akisikia Butimba anawaza chuo cha ualimu cha kule, hana haja ya kuuliza tena.

Na maharage. Maharage yalikuwa yangu mimi. Dokta alikuwa ameandika komenti za sifa tupu, nyota zote, chuo bora, chuo bora. Nikamwambia, hii inatia shaka, chuo gani hakina mtu anayelalamikia chakula? Nikaandika kwa jina la mwanafunzi: "Masomo mazuri ila maharage ya kantini hayaivi, uongozi mtuangalie." Tena kwenye chuo cha mtandaoni kisicho na kantini! Wasomaji wakaniunga mkono hao, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu maharage. Hakuna aliyeuliza kantini iko wapi.

Dokta akanipandisha cheo. Akanipa grupu la wazazi.

Hapo ndipo nikamzaa Mama Kulwa.

Grupu la wazazi lilihitaji mzazi wa kulishika, mtu anayeongea kama wao. Nikanunua laini mpya. Picha nikaweka maua na msalaba. Makazi nikampa Buswelu, kwa sababu kule watu wanahamia kila siku na majirani hawajajuana sawasawa. Watoto nikampa mapacha, Kulwa na Doto, wote wako mwaka wa pili hapo hapo chuoni. Mnaotoka usukumani mnaelewa. Mama wa mapacha si mtu wa kupita tu, akiongea watu wanatulia. Na kama yeye ameweza kuwatoa wawili kwa mpigo, wewe mwenye mmoja unaogopa nini?

Asubuhi Mama Kulwa ndiye wa kwanza kusalimia. "Mwangaluka wazazi wenzangu, Bwana Yesu asifiwe, tuwaombee watoto wetu siku ya leo." Kwa wakubwa shikamoo, kwa wadogo hamjambo. Nilimpa na presha, ili akichelewa kujibu watu wamwonee huruma badala ya kumshuku. Hakuwahi kurekodi sauti. Alisema spika ya simu yake imekufa.

Mzazi akifiwa, Mama Kulwa ndiye anayeanzisha mchango wa rambirambi, na mchango ulikuwa unafika wote kwa mfiwa. Dokta alisisitiza hivyo. "Msiba usiguswe," aliniambia, "msiba ndio unaotuweka mjini." Mbwa yule! Alijua kabisa mtu uliyezika naye huwezi kumwuliza cheti chake cha usajili.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu kwenye grupu, mzee wa upande wa Geita, amemwandikisha mjukuu wake. Mzee yule alifunga safari, akafuata ramani mpaka Butimba. Akaandika kwa adabu zake zote: "Ndugu wazazi, nimefika mahali panapoonyeshwa. Nimekuta kiwanja, ng'ombe wamefungwa. Naomba ufafanuzi."

Dokta alitoka jasho. Mimi nikavuta simu. Nikaandika, na maneno nayakumbuka yote: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanao, sina elimu yako. Chuo ni cha mtandaoni, majengo yanajengwa. Lakini mwalimu wangu, tunakuomba usiwakatishe watoto wa wakulima tamaa wakiwa njiani. Wapo wasiopenda kuona mtoto wa maskini anavaa joho, wewe usiwe mmoja wao."

Wazazi wakaitikia Amina, Amina, Amina, mpaka swali la ng'ombe likapotea huko juu. Mzee akaandika neno moja, "Asanteni," akajitoa kwenye grupu. Alitushukuru, jamani! Tulimfukuza mtu pekee mwenye macho, na yeye akatushukuru.

Nikapewa zawadi ya kuku wa kukaanga mchana ule. Nikamla mpaka mifupa.

Sasa nifike kwangu.

Nyamizi alikuwa amemaliza shule na amepata nafasi chuo cha uuguzi, chuo cha kweli, chenye geti na kengele na wagonjwa. Ngazi ya cheti. Wiki hizo hizo dada akakutana na tangazo letu, "Shahada ya Uuguzi, soma ukiwa nyumbani." Shahada! Na nyumbani! Mjane mwenye shamba na binti mmoja, ni nini kitamu kuliko hicho?

Swali ni moja tu: nani anajifunza uuguzi kwa simu? Utamfunga mtu kidonda kwa bando? Hilo swali mtoto wa darasa la nne angeuliza. Mimi nililiua kabla halijazaliwa, nikaweka picha ya msichana mwenye kofia nyeupe anatabasamu na kompyuta.

Dada akanipigia. "Wewe uko mjini. Hiki chuo unakifahamu? Nyamizi anasema anataka, mimi moyo unasita. Kuna mwalimu mmoja nasikia alikuta ng'ombe."

Nilikuwa nimekaa ofisini. Simu ya Mama Kulwa iko mkono wa pili.

Ningesema neno moja tu. Ningesema "usithubutu", ingetosha, dada angenitukana kwa nini nimemfokea, na Nyamizi angekwenda zake chuoni. Mimi nikasema, "Dada, mambo ya vyuo siyajui. Si uingie kwenye grupu uwaulize wazazi wenzako?"

Akakata. Nikaweka ile simu chini nikashika nyingine, nikasubiri.

Akaingia. Akamsalimia Mama Kulwa, akaandika, "Mdogo wangu yuko huko huko Mwanza lakini hana msaada wowote. Wewe mzazi mwenzangu unanishauri nini?"

Nilijiambia vitu vingi. Kwamba Dokta amesema usajili wa kweli uko njiani. Kwamba nikimkataza dada nitalazimika kueleza nimejuaje. Hayo yote ni pumba. Ukweli wenyewe ni wa aibu zaidi. Dada yangu tangu tukiwa wadogo hakuwahi kunisikiliza. Mimi ndiye mdogo, mimi ndiye niliyeshindwa ndoa, mimi ndiye tasa. Sasa leo ananiuliza ushauri, ananiita mayu, yaani mama, ananishukuru wabeja, wabeja sana. Nilinogewa. Basi. Nilinogewa na kuheshimiwa, nikamwambia, "Mayu, nafasi kama hii haiji mara mbili. Cheti cha nini wakati shahada iko hapa?"

Nyamizi akaiachia nafasi yake. Ikapewa mtu mwingine. Ada waliyotulipa sitaitaja, wala siyo inayoniuma. Inayoniuma ni ile nafasi.

Dada na Mama Kulwa wakawa marafiki, na urafiki ulikuwa wa kweli upande wake. Alikuwa anamwandikia faraghani, mvua imekuja, mihogo imeliwa na panya, Nyamizi amekonda kwa kusoma. "Wewe ndiye rafiki niliyempata ukubwani," alimwambia. Na mara kwa mara, "Nikija Mwanza lazima nifike kwako Buswelu nikusalimie." Kila akiuliza njia, Mama Kulwa anasingizia presha, ama anazima simu.

Siku moja akamwandikia kuhusu mimi.

"Nina mdogo wangu hapo mjini. Ni mkali, haambiliki. Hakujaliwa mtoto, na mimi siku ya ugomvi niliwahi kumtamkia neno baya juu ya hilo. Sijamwomba radhi mpaka leo, naona aibu, mimi ndiye mkubwa. Niombee mayu, moyo wake unisamehe."

Neno lenyewe nilikuwa nalikumbuka. Nililibeba miaka. Na mimi nilikaa pale juu ya duka la nyavu, machozi yananitoka mbele ya Dokta, nikaandika, "Atakusamehe mayu. Ameshakusamehe." Nikamsamehe dada yangu kwa jina la mtu ambaye hayupo. Ningeweza kumpigia siku ile. Sikupiga! Niliogopa kuharibu kazi.

Na masomo je? Masomo tulikuwa tunayaokota huku na huku tunawatumia. Aliyekuwa anasahihisha ni mimi. Mimi, ambaye nikiona damu nageuza uso! Kulikuwa na zoezi la kuchoma sindano, limeandikwa mwanafunzi atumie chungwa. Nyamizi hakuwa na chungwa, akatumia kiazi kitamu cha shambani kwa mama yake, akajipiga picha, akatuma. Mkono umeshika sindano vizuri kabisa, kijana wa watu, makini, kucha safi. Nikampa alama za juu.

Jioni akanipigia mimi mwenyewe. "Mama mdogo! Nimefaulu sindano!"

Nikapiga vigelegele kwenye simu. Nyie acheni tu.

Ikafika wakati wa mazoezi hospitalini. Tukamtumia barua yenye muhuri wa dhahabu. Akashona sare nyeupe, akaenda hospitali moja kuomba kufanya mazoezi. Muuguzi mkuu akaisoma ile barua, akaisoma tena.

"Binti, chuo hiki kiko wapi?"

"Mtandaoni, mama."

"Na wagonjwa uliojifunzia wako wapi?"

Nyamizi ni mkweli, amelelewa hivyo. Akasema, "Nilijifunzia kwenye kiazi."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Muuguzi hakucheka. Alimchukua pembeni, akatafuta jina letu kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia vyuo, siyo kwa kubonyeza muhuri wetu, kwa kuingia mwenyewe. Hatukuwemo. Akamwambia kwa upole kwamba ametapeliwa, na kwamba barua ile akiendelea kuizungusha atakamatwa yeye. Nyamizi akavua sare chooni, akarudi nyumbani amejifunga kanga aliyoazimwa na mama mmoja mgonjwa. Aliingia ndani akalala na hakutaka kula.

Dada aliandika kwenye grupu. Wazazi wakaanza kuuliza, na safari hii Amina hazikutosha. Kesho yake nafika ofisini nakuta mlango uko wazi, kompyuta hazipo, hata feni wameng'oa. Dokta hapatikani. Tovuti imezimwa, grupu limefutwa. Nikatoa laini ya Mama Kulwa kwenye simu, nikashuka mpaka ufukweni, nikaitupa ziwani. Nikasema imekwisha.

Haikuwa imekwisha.

Dada akavuka na feri akaja kwangu, hakunipa taarifa. Namfungulia mlango namwona ana kifurushi cha michembe, vile viazi vyetu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, amefunga kwenye kitambaa kipya.

Nikasema, "Shikamoo dada. Za Nyamizi?"

"Marahaba. Nyamizi hasemi na mtu. Vaa viatu, unipeleke Buswelu."

"Buswelu kuna nini?"

"Kuna Mama Kulwa, mwenzangu wa kwenye grupu. Simu yake haipatikani tangu siku ile. Yule mama ana presha, mdogo wangu. Mimi nimeumizwa mtoto mmoja, yeye wawili kwa mpigo. Itakuwa ameanguka, na hana mtu. Nimemletea michembe, alisema anaipenda."

Kweli alisema anaipenda. Mimi ninaipenda.

Hebu niambie wewe unayesoma, ungefanya nini? Usinijibu. Mimi nilivaa viatu.

Tulizunguka Buswelu na jua lile. Dada anauliza kila kibanda, "Samahani, nyumbani kwa Mama Kulwa ni wapi?" Na watu wanamwuliza Mama Kulwa yupi, maana wako wengi, yupo wa mashine ya kusaga, yupo wa mgahawa, yupo wa kwenye kona ya kanisa. Kote tulienda. Wa mashine mapacha wake wako chekechea. Wa mgahawa, Kulwa wake anaendesha bodaboda na Doto ameolewa. Mimi nafuata nyuma nimebeba michembe.

Wa karibu na kanisa alikuwa mtu mzima, akatukaribisha, akatupa maji ya kunywa. Dada akamweleza yote. Yule mama akasikitika, akasema, "Mayu, wangu hawakufika hata sekondari. Huyo unayemtafuta simfahamu, na huku nimekaa siku nyingi."

Dada akaweka kikombe chini. Akasema taratibu, "Basi amekufa. Presha imemwua, wamekwenda kumzika kwao." Akapiga magoti hapo hapo uani, mbele ya kuku na mtu asiyemjua, akaanza kumwombea Mama Kulwa roho yake ilazwe pema. Akamtaja na Kulwa, akamtaja na Doto, Mungu awape nguvu mayatima wale.

Sikuweza. Nilidhani naweza, sikuweza.

"Dada, inuka. Hajafa."

"Umejuaje?"

"Ni mimi."

Hakuelewa. Yule mwenye nyumba akaelewa kabla yake, akashika mdomo.

Nikasema, "Ulimwandikia kwamba una mdogo wako mkali, haambiliki. Kwamba ulimtamkia neno baya, unaona aibu kumwomba radhi. Akakujibu ameshakusamehe. Ni mimi, dada. Nilikuwa nakujibu mimi. Na kazi za Nyamizi nilikuwa nasahihisha mimi."

Nilitegemea kofi. Kofi ningelipenda! Dada aliinuka, akajipangusa magoti. Akauliza kitu kimoja tu.

"Siku ile nilipokupigia nikakuuliza hiki chuo unakifahamu, ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nimeshika simu zote mbili."

Akatikisa kichwa. Akachukua kile kifurushi mikononi mwangu, akampa yule mama. "Hii ni ya Mama Kulwa, nawe ndiye Mama Kulwa. Pokea." Akamshukuru kwa maji. Akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita dada, dada, kama mtoto. Alipogeuka aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuongea na mpita njia.

"Kwaheri, Mama Kulwa."

Tangu hapo kwetu sina jina lingine. Nilikwenda Sengerema kwenye msiba, wanawake wakanisogezea kigoda, "Karibu Mama Kulwa." Hakuna anayenitukana. Bora wangenitukana! Miaka yote nilitamani niitwe mama fulani, haya sasa, nimeitwa.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa akiniita mama bila kunikejeli. Nyamizi. Nilikuwa mama mdogo wake. Nafasi yake haikurudi, ameomba upya na anasubiri, mchana anauza viazi barabarani na mama yake. Nilimpigia mara nyingi, hakupokea. Mwisho akanijibu kwa maandishi: "Shikamoo Mama Kulwa. Usinipigie tena." Shikamoo ameiweka. Amelelewa vizuri yule mtoto, na si na mimi.

Nilikwenda polisi nikaeleza ninayoyajua, na yatakayonipata yanipate. Dokta bado hajaonekana.

Lakini sikuandika haya ili nitubu mbele yenu. Nimeandika kwa sababu juzi nilikuwa napitia simu nikaona chuo kipya. Jina jipya, rangi mpya, muhuri wa dhahabu ule ule. Nikashuka kwenye komenti. Nikasoma: "Masomo mazuri ila maharage ya kantini hayaivi, uongozi mtuangalie."

Maneno yangu! Hata hawakubadilisha nukta! Nikaandika chini yake kwamba ni matapeli, nikafutiwa kabla sijaweka simu chini. Nikaandika tena, nikafungiwa. Kabla hawajanifungia nilimwona mama mmoja amenijibu kwa upole, kwa heshima zote, kwamba wapo wasiopenda kuona mtoto wa maskini anavaa joho.

Kwa hiyo mzazi, sikia. Usibonyeze muhuri wao, muhuri wao unakurudisha kwao. Jina la chuo litafute mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka, kwa mkono wako, na kama hujui kusoma mtandao mtafute mwalimu wa shule ya kijijini kwako akusomee. Mtu akisema amefika akakuta ng'ombe, msimwambie Amina, mfuateni mkaone hao ng'ombe. Na wewe kijana unayelipwa kuandika sifa za chuo usichokijua, ukisema wewe unaandika tu, hujamwibia mtu, nakuambia mimi nilisema hivyo hivyo, na kuku nilikula.

Na huyo mama mwema kwenye grupu lenu, anayewahi kusalimia asubuhi na kulia na kila mfiwa, mwambieni mnakuja kumsalimia nyumbani kwake. Mwambieni mmeshafunga michembe. Mwulizeni njia, halafu mtazame kama simu itaendelea kuwa hewani.